Daktari Carothers na Hesabu ya Waliokata Tamaa

John Colin Carothers alizaliwa Afrika Kusini mwaka wa 1903, akasomea udaktari Uingereza, na mwaka wa 1929 akaja Kenya kuitumikia serikali ya kikoloni. Mwaka wa 1938 alikabidhiwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, ingawa hakuwa amebobea katika maradhi ya akili. Huko ndiko jina lake lilikovuma.

Carothers alipenda kuhesabu. Alipekua majalada ya Waafrika waliolazwa, akaona wenye sonona ni haba. Katika makala ya 1947, na katika kitabu alicholiandikia Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1953, alishikilia kwamba sonona na kujiua ni nadra kwa Waafrika, kwa madai kuwa hawana hulka ya kujilaumu. Mwaka wa 1954 serikali ilimtaka aichambue Mau Mau kwa mizani iyo hiyo.

Kasoro ilikuwa langoni mwa hospitali. Tumfikirie mkulima wa Rangwe, katika Nyanza Kusini ya wakati huo, mamia ya kilomita kutoka Mathari. Aliyepelekwa huko aghalabu ni yule aliyevuruga amani ya wenzake. Aliyejikunyata kimya nyumbani mwake hakupelekwa popote. Aidha, miongoni mwa Waluo aliyejiua alizikwa nje ya boma, na mti aliojinyongea ukakatwa. Aliyenusurika alikabiliwa na mashtaka. Nani basi angetoa habari? Carothers aliwahesabu waliofika, akadhani amewahesabu waliokuwepo.

Paul Bohannan na wenzake, katika kitabu cha 1960 chenye sura kuhusu Waluo, waligeukia rekodi za uchunguzi wa vifo. Mwaka uliofuata, Frantz Fanon aliishambulia vikali nadharia ya Carothers. Hata hivyo, rekodi za vifo nazo haziwezi kumhesabu aliyewaza kujiua lakini akaishi.

Carothers alifariki mwaka wa 1989. Mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226, kilichoharamisha kujaribu kujiua, kinakiuka Katiba. Leo watafiti huwauliza watu wazima moja kwa moja: umewahi kuwaza kujiua, kupanga, au kujaribu? Hapo ndipo sisi wanalugha tunapohusika. Swali likitamkwa kama shutuma, mhojiwa wa Rangwe atajibu hapana, nasi tutairudia hesabu ya Carothers.