DAVID GILL NA MNYORORO WA PEMBETATU

Mwanafunzi asimamaye juu ya kilima huko Buger, wilayani Karatu, huweza kuona kilima kingine ng'ambo ya bonde. Je, anaweza kujua umbali wa kilima hicho bila kulivuka bonde na kulipima kwa kamba? Anaweza, iwapo anazifahamu pembe na pembetatu. Kwa maarifa hayo David Gill alianzisha kazi ya kuipima Afrika toka kusini hadi kaskazini.

Gill alizaliwa tarehe 12 Juni 1843 katika mji wa Aberdeen, Scotland. Baba yake alikuwa fundi na mfanyabiashara wa saa, naye Gill akairithi kazi hiyo. Hata hivyo, alipenda zaidi kuzichunguza nyota. Mwaka 1872 aliiacha biashara hiyo, ijapokuwa ilimpa pato zuri, akawa mwanafalaki.

Mwaka 1877 alikwenda pamoja na mkewe, Isobel, katika kisiwa cha Ascension. Huko aliitazama sayari ya Mirihi jioni na alfajiri, akapima pembe nyembamba mno. Kwa pembe hiyo alikokotoa umbali wa Jua kutoka duniani, ambao ni karibu kilomita milioni 150.

Mwaka 1879 Gill alikuwa mkuu wa kituo cha falaki cha Cape Town. Ndipo alipofikiria kupima mstari mrefu kutoka Afrika Kusini hadi Cairo, ili umbo na ukubwa wa Dunia vijulikane vizuri zaidi. Kamba isingeweza kupita katika maziwa, misitu na milima yote hiyo. Kwa hiyo alichagua pembetatu.

Kwanza wapimaji walipima ardhini mstari mmoja, uitwao msingi. Kisha, kutoka kila ncha ya msingi, walikitazama kilima cha mbali kwa theodolaiti, yaani chombo cha kupimia pembe. Jumla ya pembe za pembetatu ni nyuzi 180. Ikiwa pembe mbili ni nyuzi 60 na nyuzi 50, ya tatu ni nyuzi 70. Ukijua upande mmoja na pembe zote, waweza kukokotoa pande mbili zilizosalia. Upande mmojawapo huwa msingi wa pembetatu ya pili, na hivyo mnyororo husonga mbele.

Pembe iliyo chini ya nyuzi 90 ni pembe kali. Pembe ya nyuzi 90 ni pembe mraba. Pembe izidiyo nyuzi 90 lakini haifiki 180 ni pembe butu. Wapimaji waliepuka pembe zilizo kali mno, kwa sababu hapo kosa dogo la pembe huleta kosa kubwa la umbali. Walipendelea vilima vilivyofanya umbo linalokaribia pembetatu sawa, ambayo pande zake zote ni sawa na kila pembe ni nyuzi 60. Pembetatu yenye pande mbili tu zilizo sawa huitwa pembetatu pacha.

Kazi ilikuwa ngumu. Wapagazi wa Kiafrika walibeba vyombo vizito na kuvipandisha vilimani. Majina ya wengi wao hatuyajui, lakini bila wao mnyororo usingesonga.

Gill alifariki London tarehe 24 Januari 1914, kabla mnyororo haujafika Cairo. Wengine waliiendeleza kazi yake. Sehemu ya Tanganyika ilipimwa katika miaka ya 1930, na pengo la mwisho, katika Sudan ya wakati ule, lilizibwa mwaka 1954. Miaka 40 ilikuwa imepita tangu Gill afariki. Vipimo hivyo vilisaidia kuchora ramani za nchi yetu.

MASWALI
1. Kwa nini wapimaji waliepuka pembe zilizo kali mno?
2. Je, pembetatu yaweza kuwa na pembe butu mbili? Eleza.
3. Pembe mbili za pembetatu ni nyuzi 70 na nyuzi 40. Tafuta pembe ya tatu, kisha taja aina ya pembetatu hiyo.