Joy Adamson: Mchoraji wa Isiolo aliyefunikwa na sifa za simba

Jina la Joy Adamson linapotajwa, wengi humkumbuka Elsa, simba jike aliyelelewa Isiolo. Wachache wanajua kwamba kabla ya Elsa kuzaliwa, mama huyo alikuwa tayari amejipatia sifa kwa brashi na rangi za maji.

Alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa ndani ya himaya ya Austria na Hungaria na ambao leo ni Opava, Jamhuri ya Cheki. Jina lake lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Alifika Kenya mwaka 1937, na mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Bally ndiye aliyempa jina la Joy, tena ndiye aliyemtia shime achore maua ya porini.

Ndoa hiyo ilivunjika. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyekuwa na kituo chake Isiolo. Mji huo ulikuwa lango la kaskazini. Askari Wasomali waliopigania Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wamepewa makao hapo, na Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru walikutana humo kwa biashara na mifugo.

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa Joy kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi, kwa kuamini kuwa mavazi hayo yangetoweka. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa, akachora mamia ya picha. Enzi hizo kamera nyingi zilitoa picha nyeusi na nyeupe, lakini yeye alihifadhi rangi yenyewe: wekundu wa ngeu, mpangilio wa shanga, ngozi iliyolainishwa kwa mafuta, manyoya ya mbuni kichwani.

Hata hivyo, kumbukumbu hiyo ina upungufu wake. Aliyetoa kazi alikuwa mtawala, naye alitaka ya kale. Kaptura ya kaki na blanketi la dukani, vitu ambavyo watu wa mjini walikwisha kuvizoea, havikuwa sehemu ya agizo. Anayezitazama picha hizo leo hana budi kukumbuka kwamba Isiolo ya wakati huo ilikuwa na mengi zaidi ya hayo.

Kisha akaja Elsa. Mwaka 1956 George alimuua simba jike aliyemshambulia, akarudi nyumbani na watoto wake watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam, Elsa akabaki. Kitabu cha mwaka 1960 kilichosimulia habari zake kilienea duniani kote, na michoro ikasahaulika. Hata picha za makabila zilipochapishwa kitabuni mwaka 1967, msomaji wa ng'ambo alimjua Joy kama mama wa simba tu.

Januari 3, 1980 aliuawa karibu na kambi yake huko Shaba, Isiolo, alikokuwa akimlea chui. Awali ilidhaniwa ameraruliwa na simba, lakini majeraha yalionyesha ni kazi ya binadamu, na mwaka 1981 kijana aliyewahi kumfanyia kazi alitiwa hatiani. Majivu yake yalitawanywa katika Mbuga ya Meru, alikozikwa Elsa. Picha zake zilihifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.