Kivoi wa Mwendwa: Tajiri wa Kitui aliyeuawa akielekea Mto Tana

WAPENZI wa uvuvi wa milimani huambatana na rafiki zao kupanda upande wa mashariki wa Mlima Kenya, wakiwa na fimbo nyembamba na nzi bandia waliofungwa kwa manyoya, ili wajaribu bahati yao ya kunasa trauti katika maziwa ya Ellis, Rutundu na Alice. Samaki hao ni wageni. Trauti wa kwanza waliletwa nchini kutoka Scotland mwaka 1905, wakatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare, kisha wakasambazwa katika mito mingine ya nyanda za juu.

Mito ya upande huo wa mlima huteremka na kuishia katika Mto Tana, ambao leo unatenga Kitui na majirani wake wa Embu na Tharaka. Karibu na mto huo, mwezi Agosti 1851, aliuawa mzee mmoja wa Kitui. Yeye ndiye aliyemweleza mgeni wa Kizungu habari za mlima huo kabla Mzungu yeyote hajautia machoni. Mzee huyo ni Kivoi wa Mwendwa.

Vitabu vya shule humtaja kwa sentensi moja au mbili, na aghalabu humwita kiongozi wa njia wa mmishonari Johann Ludwig Krapf. Kumwita hivyo ni kumpunja. Kivoi alikuwa na misafara yake mwenyewe, na Krapf alipofuatana naye alikuwa mgeni ndani ya msafara wa mwenye mali.

Inakadiriwa kuwa Kivoi alizaliwa miaka ya 1780. Mapokeo ya Wakamba husimulia kuwa wazee wao walikaa Nzaui na milima ya Mbooni, katika Makueni ya leo, kabla ya baadhi yao kuvuka Mto Athi na kuingia Kitui. Kitui ni nchi kavu, mvua zake hazitabiriki, na mtu aliyetegemea shamba peke yake aliweza kufa njaa. Kwa sababu hiyo Wakamba walizoea kwenda kwa majirani kubadilishana bidhaa kwa chakula. Kutokana na safari hizo fupi za njaa walijifunza njia, lugha na tabia za watu, nao wakafanya urafiki na udugu wa kuchanjiana damu katika nchi za mbali.

Pembe za ndovu zilipopanda bei pwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba walikuwa tayari. Walikuwa wawindaji hodari wa upinde na mishale ya sumu, na pembe ambazo hawakuziwinda walizinunua kwa watu wa Embu, Tharaka na Kikuyu. Misafara ya mamia ya watu ilishuka ikipita nyika ya Tsavo hadi Rabai na Mombasa, ikarudi na vitambaa, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Kivoi alikuwa miongoni mwa wakuu wa biashara hiyo, jina lake likijulikana Kitui na Mombasa vilevile. Hakuwa mfalme, maana Wakamba hawakuwa na wafalme. Nguvu yake ilitokana na mali, ufasaha na wafuasi wengi.

Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamishonari cha Waanglikana, aliondoka Rabai mwanzoni mwa Novemba 1849. Alipita Kikumbulyu, sehemu za Kibwezi huko Makueni, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa mgeni wa Kivoi mjini kwake. Mwenyeji wake alimweleza kwamba katika safari zake alikuwa ameuona mlima mkubwa upande wa kaskazini-magharibi, wenye kitu cheupe kileleni. Mnamo Desemba 3, mawingu yalipofunguka, Krapf aliviona vilele viwili kama pembe.

Wakamba waliuita Kiinyaa. Wapo wanaosema jina hilo linahusu manyoya ya mbuni dume, meusi na meupe, na wapo wanaoliona kuwa ni Kirinyaga ya Wakikuyu kwa matamshi ya Kikamba. Krapf aliliandika kadiri alivyolisikia, na ndilo lililozaa jina Kenya, ambalo koloni lilipewa rasmi mwaka 1920.

Kivoi alimwahidi mgeni wake kwamba atamfikisha Tana. Ahadi hiyo ilingoja hadi 1851, Krapf aliporudi Ukambani akitaka kuanzisha kituo cha misheni Yatta. Kila mmoja alikuwa na haja yake. Krapf alitaka kujua kama mto huo ungeweza kuwa njia ya kuingilia bara, naye Kivoi alifuata pembe zilizokuwa ng'ambo.

Hawakuvuka. Walipokaribia mto walishambuliwa na kundi la wanyang'anyi. Krapf alifyatua bunduki hewani, kwa kuwa hakutaka kumwaga damu ya mtu. Msafara ulitawanyika, na Kivoi akauawa pamoja na baadhi ya wafuasi wake. Mzee wa miaka zaidi ya 60, aliyepita njia za hatari maisha yake yote, aliangukia katika biashara ile ile iliyomtajirisha.

Krapf alibaki peke yake porini. Kiu ilimsukuma hadi mtoni, akanywa, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu alijaza maji katika mkoba wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, ambayo aliiziba kwa nyasi. Akatembea usiku na kujificha mchana, akirudi kusini.

Jambo lililomngoja Kitui linastahili kufikiriwa kuliko mkasa wenyewe. Jamaa za Kivoi walimtupia lawama: mzee wao alikwenda na mgeni, mzee amekufa na mgeni amerudi mzima. Baadhi yao waliona anastahili kuuawa. Krapf alihofia uhai wake, akatoroka usiku hadi Yatta na hatimaye Rabai. Ni rahisi leo kuwaita watu hao wakatili, lakini kwa desturi yao mwenye silaha katika msafara alikuwa na wajibu kwa mkuu wake, nao walikuwa na msiba. Tatizo ni kwamba kisa chote kimetufikia kwa kalamu ya mshtakiwa. Kivoi hakuacha maandishi.

Kituo cha Yatta hakikusimama, na Krapf aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1853. Katika miaka iliyofuata misafara ya Waswahili na Waarabu iliingia bara yenyewe, na Wakamba wakapoteza sehemu kubwa ya biashara waliyoitawala zama za Kivoi.

Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley aliidhihaki habari ya theluji karibu na ikweta, bila kufika Afrika hata mara moja. Msafiri Joseph Thomson aliuona mlima huo kwa macho yake mwaka 1883, na ubishi ukaisha. Kivoi alikuwa amefariki miaka 32.