Kinjikitile Ngwale na Dawa Iliyopimwa Vitani

Ukipanda basi la Kusini pale Mbagala Rangi Tatu, ukapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, kisha ukavuka daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, unakuwa umeingia upande wa pili wa mto Rufiji. Lami inaendelea zake Somanga na Lindi. Ngarambe haiko kwenye lami. Iko ndani huko mkono wa kulia, jirani na pori la Selous, na abiria wengi hupita wamelala, hawajui kwamba wameipita sehemu iliyowahi kuitikisa nusu ya nchi.

Mtu wa Ngarambe tunayemzungumzia ni Kinjikitile Ngwale. Kwenye tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 anaitwa Kinjeketile, na wengi wetu tumemjua kwa jina hilo tangu sekondari. Lakini yule wa kwenye jukwaa ni wa kutungwa kwa sehemu kubwa. Mimi namtaka huyu wa mtoni. Namtaka kwa sababu alitoa dawa, na sisi wa ualimu tuna kozi ya upimaji inayotuuliza kila wiki swali lile lile: utajuaje kwamba kipimo chako kinapima kweli kile unachodai kinapima? Nimelichukua swali hilo nikaenda nalo Ngarambe.

Historia inamdaka akiwa tayari mtu mzima, mwaka 1904. Wazee wa Matumbi walisimulia kwamba asubuhi moja alichukuliwa na mzimu aitwaye Hongo. Alilala kifudifudi, mikono mbele, akaanza kuvutwa kuelekea kwenye dimbwi la maji. Ndugu zake wakamshika miguu, wakashindwa. Akazama. Waliojua kupiga mbizi walimtafuta, wapi. Watu wakalala palepale ukingoni wakisubiri maiti, na kesho yake akatoka mzima, nguo zake kavu, anazungumza mambo ya kinabii. Mwenye kuamini na aamini. Jambo ambalo halina ubishi ni kwamba watu waliamini, tena wengi, na baada ya miezi michache njia za kwenda Ngarambe zilikuwa zimejaa wageni.

Walikuwa na sababu ya kwenda. Serikali ya Wajerumani ilikuwa imeleta kodi, imeleta maakida, halafu kuanzia mwaka 1902 ikaleta mashamba ya pamba ya pamoja. Unalima kwa lazima, unachapwa viboko, shamba lako mwenyewe la chakula linaota majani, na malipo ya mwisho wa msimu ni kichekesho. Kuna mahali watu waliyakataa hayo malipo kwa hasira. Na makabila yalikuwa mbalimbali, kila moja na lake. Wamatumbi huku, Wandengereko kule, Wapogoro, Wambunga, Wangindo. Aliyepigana peke yake alishindwa peke yake.

Hapo ndipo Kinjikitile alipowazidi wote akili. Alijenga nyumba kubwa ya ibada, akaita watu wa kila ukoo, akawaambia kwamba mizimu yao wote iko mahali pamoja, kwa Bokero, na kwamba waliokufa watarudi. Mtu aliyekuwa Mmatumbi asubuhi, jioni alikuwa mtu wa Hongo pamoja na mgeni asiyejua hata lugha yake. Tena hakuwaambia wakapigane siku hiyohiyo. Aliwaagiza waendelee kumtumikia Mjerumani, wafanye mazoezi, wasubiri amri yake. Habari ilisambazwa kwa kunong'ona, mtu na mtu, kijiji na kijiji, na serikali ilichelewa sana kuelewa.

Na akawapa maji.

Maji yenyewe yalikuwa maji ya mto, mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama. Mengine yalinyweshwa, mengine yalinyunyizwa mwilini, mengine yalibebwa. Ahadi yake ni kwamba risasi ya Mjerumani ikimfikia aliyetumia dawa itageuka maji.

Hapa naomba tusikimbie. Dawa ya maji haikuanza na Kinjikitile. Waganga wa Bokero, kule Kibesa kwenye mto Rufiji, walikuwa wakitoa maji tangu zamani, kwa ajili ya mvua na kwa kulinda mazao shambani. Kwa matumizi hayo ilikuwa na heshima yake. Kilichobadilika 1904 na 1905 ni kazi iliyopewa: dawa ya shamba ikawa dawa ya risasi. Leo hii mamlaka ya dawa ya nchi yoyote haikubali jambo hilo lipite hivihivi. Kampuni ikiwa na kidonge cha presha kilichosajiliwa, siku ikitaka kukiuza kama dawa ya kisukari inaanza upya na ushahidi mpya. Heshima ya matumizi ya kwanza haihamii kwenye matumizi ya pili. Na hata sasa dawa nyingi za mitaani zinapenya kupitia mlango huo, wa hii babu zetu walitumia. Sawa, walitumia. Walitumia kwa ajili ya nini?

Jambo la pili ni wajumbe. Kinjikitile hakuweza kumfikia kila mtu, kwa hiyo akatuma watu, nao wakaitwa hongo kama yule mzimu. Kila mmoja alikwenda na dawa yake, akachanganya kwa mkono wake, akaongeza masharti yake. Dawa ilipofika Ungoni mwaka huohuo haikuwa tena ile ya Ngarambe, ila jina lilikuwa lilelile. Mwenye kiwanda leo angeliita hilo tatizo la uzalishaji: chupa ya kwanza na chupa ya elfu kumi lazima ziwe na kitu kimoja ndani, na lazima kuwe na mtu wa nje anayekuja kukagua. Ngarambe hakukuwa na wa nje.

La tatu ndilo linaloniuma. Dawa ilikuwa na miiko. Mpiganaji asilale na mwanamke, asipore mali. Sasa mtu akipigwa risasi akafa, jibu lilikuwepo tayari: huyo amevunja mwiko. Asipokufa, dawa imefanya kazi. Tazama ulivyopangwa mtego. Hakuna tokeo lolote, la kufa wala la kupona, ambalo lingeweza kusema dawa hii haifai. Mtihani ambao kila mtahiniwa anafaulu si mtihani, na kwenye kozi yetu mwalimu angekurudishia karatasi yako na wino mwekundu.

Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete walichoka kusubiri. Wakang'oa miche ya pamba, na vita vikaanza bila amri kutoka Ngarambe. Kinjikitile alikuwa ameshakamatwa. Tarehe 4 Agosti 1905 alinyongwa Mohoro, kwa kosa la uhaini. Masimulizi yanasema hakuonyesha hofu, aliwaambia waliomnyonga kwamba kumuua hakusaidii kitu kwa kuwa dawa yake imeshafika Kilosa na Mahenge. Kwa upande wa Mahenge alikuwa karibu sana na ukweli.

Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliiendea boma ya Mahenge mchana kweupe. Ndani mlikuwa na bunduki mbili za mtombo. Walikuja wima, kwa safu, kwa sababu mtu asiyedhurika na risasi haoni haja ya kutambaa. Huo ndio ulikuwa mtihani wa dawa. Waliokuwa mbele walianguka mafungu mafungu, na waliokuwa nyuma wakaendelea kuja. Vita viliendelea mpaka 1907, ingawa baada ya miezi ya mwanzo wengi walishaacha kuyategemea maji na wakaingia porini kupigana kwa kuvizia. Gavana von Götzen alijibu kwa kuchoma ghala na mashamba. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wanataja mpaka 250,000 au 300,000, wengi wao kwa njaa.

Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha, darasa lilicheka nilipofika kwenye risasi kugeuka maji. Kicheko kile kinajulikana, kila mwalimu wa historia amekisikia. Mimi nadhani kinatokana na jinsi vitabu vinavyoipanga habari: upande mmoja mganga na maji yake, upande mwingine Mzungu na sayansi yake. Basi tumtazame huyo Mzungu na sayansi yake, mwaka uleule.

Mwaka 1905 Robert Koch, daktari mkubwa kuliko wote Ujerumani, alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata alikuja Afrika Mashariki kutafuta dawa ya malale, akaweka kambi visiwa vya Sese, Uganda. Dawa aliyokuja nayo iliitwa atoksili, ina aseniki ndani. Mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu, akaongeza kipimo. Zaidi ya watu 20 wakapofuka, na hawakuona tena. Malale hayakuisha. Hakuna aliyeliuliza lile kundi la wagonjwa kama linakubali kujaribiwa, wala hakukuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo. Wakati huohuo Marekani ndiyo kwanza inapitisha sheria yake ya dawa, Juni 1906, na hata hiyo ilishughulika zaidi na lebo za uongo. Kudai ushahidi kwamba dawa inatibu kweli kulikuja 1962, baada ya kidonge cha thalidomide, kilichotoka Ujerumani Magharibi, kusababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vifupi.

Kwa hiyo mwaka 1905 hakukuwa na mtu yeyote duniani aliyekuwa na utaratibu ambao Kinjikitile aliukosa. Wote walikuwa wanapima dawa kwa kuwapa watu na kungoja. Tofauti ni kwamba Koch alijaribu juu ya watu wasio wake, akapanda meli akarudi Berlin, na leo tunamsoma kwenye biolojia. Kinjikitile aliwapa ndugu zake, kisha akapandishwa kitanzi. Huyu tunamcheka.

Simaanishi kwamba nambeba kwa kila kitu. Mtu akiahidi kwamba risasi haitaua, na watu wakaamini wakasimama wima mbele ya bunduki, ana deni. Kuna wanaosema maji yalikuwa ya umoja tu, ishara, hayakukusudiwa kueleweka kama yalivyoeleweka. Kama ishara yalifaulu ajabu. Kabla yake hakuna aliyewahi kuwaunganisha watu wa kusini namna ile. Lakini aliyeanguka Mahenge hakubeba ishara. Alibeba dawa, na aliambiwa itafanya nini.

Tena jamani tusijifanye wajanja sana. Mwaka 2011 nchi hii ilipanga foleni Samunge, Loliondo, kilomita na kilomita za magari, kunywa kikombe cha shilingi 500. Walikwenda wakulima na walikwenda viongozi, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Wakati huo tulikuwa na kila kitu ambacho 1905 hakikuwepo: sheria ya tiba asili ya 2002, baraza lake, taasisi ya utafiti wa magonjwa, na mamlaka ya dawa iliyoanza 2003, ile ambayo sasa inaitwa TMDA na ambayo mwaka 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kufikishwa ngazi ya tatu na Shirika la Afya Duniani. Vyombo vilikuwepo. Foleni ilivitangulia, kama ilivyotangulia Ngarambe, kwa sababu mtu mwenye maumivu hasubiri faili.

Na faili lenyewe linachukua miaka, hilo lazima tuliseme. Kwanza maabara na wanyama. Halafu watu wachache wenye afya, kuona tu kama inadhuru. Halafu wagonjwa mamia, halafu maelfu, nusu wakipewa dawa na nusu wasipewe, bila wao wala daktari kujua nani kapata nini. Chanjo ya malaria iliyojaribiwa Bagamoyo na Korogwe pamoja na vituo vingine vya Afrika iliingia hatua hiyo ya mwisho 2009, watoto zaidi ya 15,000, na ilipendekezwa kutumika kwa watoto wa maeneo yenye malaria mwaka 2021 tu. Hiyo miaka yote watoto walikuwa wanakufa. Anayesema utaratibu huu hauna gharama anadanganya.

Baada ya kunyongwa kwa Kinjikitile kazi yake ilishikwa na ndugu yake, Njugumaina, akajiita Nyamguni, na maji yakaendelea kugawiwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walisambazwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado hai, na mengi tunayoyajua juu ya Ngarambe yametoka kwa wazee kama hao, walioyaona maji kwa macho yao.

Rufiji yenyewe imerudi kwenye habari za dawa kwa namna nyingine. Tangu 1998 kuna watu wanaopita nyumba kwa nyumba wilayani humo wakiandika nani kazaliwa, nani kafa na kafa kwa nini. Klorokwini iliposhindwa na malaria, watafiti waliichagua Rufiji ijaribu dawa mseto kwenye zahanati zake kuanzia 2003. Ili wajue kama tofauti inatokana na dawa au na kitu kingine, walihitaji mahali ambapo watu wanaendelea na dawa ya kawaida, wahesabiwe vilevile. Walichagua Kilombero na Ulanga, na Mahenge ndiyo makao makuu ya Ulanga. Safari hii Mahenge ilikuwa upande wa kulinganishia. Mwishoni mwa 2006 nchi nzima ilihamia dawa mseto.