Kabla hujasema kuna mkono wa mtu

Leo tumtazame mtu ambaye vitabu vyake vimewapumzisha wengi baada ya kazi. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa katika idara ya afya kama mkaguzi, wale ambao mitaani tunawaita mabwana afya. Bwana afya akisikia mtaa mzima unaharisha, hatafuti mchawi. Anafunua kisima, anakagua choo, anauliza nani alikula nini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka 10.

Mwaka 1948 alihamia kwenye magazeti, akawa mhariri wa Zanzibari. Alifanya kazi pia na Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Kuanzia mwaka 1958 alihariri Mkulima, gazeti la kilimo, hadi alipostaafu mwaka 1968.

Katika miaka hiyo ya ajira ndipo alipoandika hadithi iliyopata zawadi ya kwanza katika mashindano ya Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Mwenye mali aitwaye Bwana Ali anakutwa ameuawa mahali pa matambiko ya kale, na watu wanaanza kunong'ona habari za mzimu. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Haogopi wala hapayuki. Anatazama, anauliza, anapima maneno ya kila mmoja, mpaka inajulikana kwamba aliyeua si mzimu. Vikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mwandishi alifariki mwaka 1991.

Ni vitabu vyepesi, na wala si aibu kusema hivyo. Mfanyakazi wa Kibaha anayeamka alfajiri kuwahi Dar es Salaam na kushuka Maili Moja giza limeshaingia, au yule wa Kisarawe anayerudi kupitia Gongo la Mboto akiwa amesimama njia nzima, hana nguvu za kusoma kitabu kizito usiku huo. Kurasa 10 za Bwana Msa kabla ya kulala zinamtosha. Wapo waumini wanaodhani huko ni kupoteza muda ambao ungetumika kusali. Lakini Marko 6:31 inatuonyesha Yesu akiwaita wanafunzi waliochoka waende faraghani wapumzike kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula hawakuipata. Aliyeuumba mwili anajua kwamba unachoka.

Abdulla alikuwa Mwislamu, wala hakuandika mahubiri. Hata hivyo hadithi zake zinagusa jambo ambalo Biblia inalijua vizuri. Katika Biblia ya Kikatoliki, Danieli sura ya 13, wazee wawili wanamsingizia Susana, na watu wako tayari kumuua kwa sababu wasemaji ni watu wa heshima. Kijana Danieli anawatenganisha wale wazee na kumuuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani walimwona. Wanataja miti tofauti. Swali moja lililoulizwa kwa utulivu likaokoa maisha ya mwanamke asiye na hatia.

Sisi je? Mtoto akifa ghafla, biashara ikianguka, au kijana aliyesoma akikosa kazi, kabla matanga hayajaondolewa utasikia mtu akisema kuna mkono wa mtu. Hakuna aliyeuliza daktari alisema nini. Hakuna aliyetazama daftari la duka. Lakini jina limeshatajwa, na mara nyingi ni la bibi anayeishi peke yake, asiye na wa kumtetea. Katika nchi yetu wapo vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo aghalabu yameharibiwa na moshi wa kuni walizotumia kutupikia sisi.

Kutoka 20:16 inakataza kumshuhudia jirani uongo. Amri hiyo haimhusu tu anayepanda kizimbani. Inamhusu pia anayenong'ona msibani, na anayeitikia kwa kichwa ili asionekane anapinga wakubwa. Tena jina la kitabu kile cha mwisho, Kosa la Bwana Msa, linatukumbusha kwamba hata mpelelezi hodari anaweza kukosea. Kama yeye aliyechunguza anaweza kukosea, itakuwaje kwa sisi ambao hatujachunguza lolote?

Kwa hiyo ukipata nafasi, ingia maktaba kama ile ya Shirika la Elimu Kibaha, azima riwaya moja, upumzike bila kujilaumu. Nawe ukiwa msibani wiki hii na jina la mtu likaanza kuzunguka, uliza kwa upole: nani aliona, na aliona nini? Huenda wakakununia. Lakini yule bibi ataamka salama kesho yake, na Mungu anayeyajua yaliyositirika hatakudai damu yake.

Jumapili njema.