Jacques Daviel: Daktari Aliyehesabu Hata Alikoshindwa

Mpenzi msomaji, kabla sijakupeleka Ufaransa ya zamani, wacha kwanza nikukaribishe nyumbani kwetu. Nyanya yangu mzaa baba ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alianza kwa kulalamika kwamba taa ina moshi, nasi tukasafisha taa hadi ikang'aa, lakini moshi haukuisha. Baadaye akawa anamimina chai nje ya kikombe. Mwaka jana aliniita kwa jina la binamu yangu, ilhali nilikuwa nimesimama mbele yake kama mlingoti. Kwa kuwa nasoma shule ya kutwa, jioni ni mimi ninayemshika mkono kumtoa nje, kumchambulia maharagwe na kumhesabia pesa zake za mboga asije akapunjwa.

Daktari alimpima akasema dawa ya kunywa hakuna, ya kudondosha machoni hakuna. Dawa ni kupasuliwa. Nyanya akakataa katakata. Alipokuwa msichana, jirani yao mmoja alichokolewa jicho na mganga aliyeahidi kuuondoa ukungu, na jicho lile likaharibika kabisa. Tangu siku hiyo nyanya anaogopa chuma chochote kinachokaribia uso wake. Baba alibembeleza, shangazi akalia, lakini wapi! Mwishowe nyanya aliniuliza mimi, msomi wa nyumba, ni nani huyo wa kwanza aliyethubutu kumpasua mwenzake jicho, na alijuaje kwamba atapona. Nikabaki nimeduwaa kama kuku aliyenyeshewa. Ndipo nikaanza kuwasumbua mwalimu wa Bayolojia na mtunza maktaba, na hivyo ndivyo nilivyokutana na Jacques Daviel.

Daviel alizaliwa tarehe 11 Agosti 1696 huko La Barre, katika jimbo la Normandy, kaskazini mwa Ufaransa. Alijifunza upasuaji angali kijana. Siku hizo mpasuaji hakuwa mtu wa kuheshimiwa kama leo. Kazi yake ilikuwa ya mkono, ya kukata na kufunga vidonda, na wenye elimu kubwa ya tiba walimdharau.

Mnamo 1720 balaa iliufika mji wa Marseille, bandari kubwa ya kusini mwa nchi hiyo. Meli iliyotoka nchi za mashariki ilileta tauni, na watu wakafa kama nzi, hata karibu nusu ya wenyeji wa mji wakaangamia. Wenye uwezo walitoroka. Daviel, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 25, alifanya kinyume: alikwenda kuwahudumia wagonjwa. Mungu akamnusuru, na tauni ilipokwisha akafanya Marseille kuwa nyumbani kwake. Alifanya kazi katika hospitali ya mji, kisha kidogo kidogo akaacha mambo mengine yote na kushughulika na macho tu.

Sasa msomaji, ili uone ukubwa wa jambo alilolifanya, ni lazima ujue mtoto wa jicho ni kitu gani. Nyuma ya mboni kuna lenzi, ambayo kazi yake ni kukusanya nuru ili tuone vizuri. Mwalimu wetu alituletea jicho la ng'ombe kutoka buchani, akalipasua na kututolea lenzi yake. Ilikuwa safi mithili ya ushanga mkubwa wa kioo. Ukiiweka juu ya gazeti, unasoma herufi kupitia kwake. Lakini mtazame samaki aliyekaangwa. Lenzi ya jicho lake huwa nyeupe kama ute wa yai lililochemshwa, kwa sababu protini zake zimebadilika. Uzee humfanyia binadamu jambo la namna hiyo, ila polepole na bila moto. Lenzi hufifia mwaka baada ya mwaka, na mwisho nuru haipiti. Kumbe moshi wa nyanya haukuwa kwenye taa.

Watu wa kale hawakulijua hilo. Walidhani ni utando au maji mazito yaliyoshuka mbele ya lenzi. Mwaka 1705 ndipo daktari mmoja Mfaransa, Brisseau, alipoonyesha kwa kupasua jicho la maiti kwamba ni lenzi yenyewe iliyoharibika. Hata hivyo matibabu hayakubadilika. Kwa zaidi ya miaka 2000, tangu Bara Hindi hadi Ulaya, njia ilikuwa moja: kuingiza sindano jichoni na kuisukuma lenzi ile iangukie chini, ndani ya jicho, isizibe tena njia ya nuru. Ni kama mtu afagiaye taka na kuzificha chini ya mkeka. Wengine waliona kwa muda, lakini mara nyingi lenzi ilirudi juu, au jicho likavimba na kuharibika.

Tena kazi hiyo iliwavutia matapeli. Mwingereza mmoja aitwaye John Taylor alizunguka Ulaya akijitangaza kwa mbwembwe, na alisifika kwa kuondoka mjini kabla bandeji za wagonjwa hazijafunguliwa. Mwaka 1750 alimpasua mara mbili Johann Sebastian Bach, yule mtunzi mashuhuri wa muziki, mjini Leipzig. Hali ya Bach ikadhoofika, na Julai mwaka huohuo akafariki. Niliposoma habari hizi nilimkumbuka jirani wa nyanya, nikaona kwamba woga wa nyanya haukuwa ujinga.

Daviel naye alitumia sindano kama wenzake, na inasemekana alikuwa hodari wa kazi hiyo. Lakini mwaka 1745 aliletewa mtawa mmoja aliyeishi peke yake karibu na mji wa Aix. Daviel aliingiza sindano kama desturi, asifaulu. Lenzi ilivunjika, na vipande vyake vikaja mbele ya jicho. Hapo angeweza kufunga bandeji, apokee ujira wake na kwenda zake. Hakufanya hivyo. Alichukua kisu akaipasua konea, yaani ile sehemu angavu iliyo mbele ya jicho kama kioo cha saa, akavitoa vipande vile nje.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wengi wetu tukishindwa mtihani huficha karatasi chini ya godoro. Daviel aliliwaza na kuliwazua kosa lile, na ndani yake akapata swali: ikiwa vipande vinaweza kutolewa nje, kwa nini lenzi nzima isitolewe? Alihamia Paris mwaka 1746, na mwaka 1749 akateuliwa kuwa daktari wa macho wa Mfalme Louis wa 15. Mtu mwingine angeridhika na cheo hicho akala raha. Yeye aliendelea kuijaribu na kuitengeneza njia yake mpya, na hatimaye akaamua kuachana na sindano.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Mgonjwa aliketi kitini, na msaidizi akamshika kichwa barabara. Dawa ya ganzi haikuwepo. Ganzi ya macho ilikuja mwaka 1884. Daviel alitoboa konea upande wa chini kwa kisu kidogo, akapanua ule mkato kwa mikasi midogo iliyopinda, akaiinua konea taratibu kama mtu anayefunua ukurasa, akaichana ngozi laini inayoizunguka lenzi, kisha akalibonyeza jicho polepole mpaka lenzi ikatoka. Jicho halikushonwa. Lilifungwa bandeji, na mgonjwa akalala kimya kwa siku nyingi. Hebu fikiria, msomaji, ujasiri uliohitajika pande zote mbili. Mimi nikiingiwa na mdudu tu jichoni wakati naendesha baiskeli, naruka kama niliyemwagiwa maji ya moto!

Mwezi wa Novemba mwaka 1752 Daviel alipeleka ripoti yake mbele ya Akademia ya Kifalme ya Upasuaji mjini Paris, nayo ikachapishwa mwaka 1753. Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nimpende mzee huyu. Hakusema kwamba amewaponya wote. Alisema amefanya upasuaji huo mara 206, na kwamba mara 182 ulifaulu. Kwa hivyo mara 24 haukufaulu. Karibu tisa katika kila kumi walifaidika, na hesabu ya waliobaki haikufichwa.

Linganisha na yule Taylor. Taylor alikuwa na maneno mengi na gari la kumtorosha. Daviel alikuwa na hesabu. Kwa kuwa aliiweka hesabu yake wazi, wengine waliweza kuipima, kuikosoa na kuiboresha. Mwaka huohuo wa 1753, Samuel Sharp wa London alipendekeza kukata kwa kisu kimoja tu bila mikasi. Wapo waliompinga Daviel na kuendelea na sindano zao kwa miaka mingi, kwani mazoea yana taabu. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Daviel hakuishi kuyaona matunda yote ya kazi yake. Alishikwa na ugonjwa wa koo, akasafiri hadi Geneva, huko Uswisi, kutafuta tiba. Yeye aliyewarudishia wengi nuru hakupata wa kumrudishia afya. Alifariki huko tarehe 30 Septemba 1762, akiwa na umri wa miaka 66, na akazikwa Grand-Saconnex, karibu na mji huo.

Je, kazi yake ilikamilika? La. Jicho lililotolewa lenzi haliwezi kukusanya nuru vizuri, kwa hivyo kwa karibu miaka 200 wagonjwa walilazimika kuvaa miwani minene kama vitako vya chupa. Pengo hilo lilizibwa na Mwingereza Harold Ridley. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, aliwatibu marubani ambao macho yao yaliingiwa na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege, akaona kwamba vipande vile havikuliudhi jicho. Tarehe 29 Novemba 1949, mjini London, alianza kazi ya kumwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya aina hiyo. Naye pia alipingwa na wakubwa wake. Leo njia hiyo ndiyo inayotumika ulimwenguni kote: jicho hutiwa ganzi, lenzi mbovu hutolewa kupitia mkato mdogo sana, na nyingine huwekwa mahali pake. Mara nyingi kazi nzima huchukua muda usiofika hata kipindi kimoja cha darasani.

Nisije nikakudanganya, msomaji, kwamba upofu wote wa uzeeni umeshindwa. Mtoto wa jicho bado ndiye anayeongoza kwa kuleta upofu duniani, si kwa kukosa dawa bali kwa sababu wengi hawaifikii, au wanaiogopa. Tena kuna glakoma, ambayo huua mshipa wa jicho kimyakimya, na kinachopotea hapo hakirudi. Kuna pia kuchakaa kwa ile sehemu ya nyuma ya jicho tunayoitumia kusoma; kwa aina yake moja ziko sindano za dawa zinazozuia madhara yasizidi. Wataalamu wangali wanatafiti. Labda mmoja wao yuko kidato cha kwanza shuleni mwetu, na bado anahangaika na hesabu za sehemu.

Nilipomaliza kusoma nilimwendea nyanya jioni moja, nikaketi kando yake jikoni nikamsimulia yote. Tauni aliisikiliza kwa huruma. Mtawa alimsikitikia. Nilipofika kwenye hesabu, nilitamani kuzitaja zile 182 tu na kuziruka zile 24, kwa kuchelea asije akapata kisingizio. Lakini nikaona haya. Ningemsifuje Daviel kwa kusema kweli huku mimi namdanganya nyanya yangu mzazi? Nikamtajia zote. Nikamweleza pia kwamba hiyo ni hesabu ya enzi zisizo na ganzi wala ujuzi wa vijidudu, na kwamba siku hizi wanaoharibikiwa ni wachache mno, ingawa wapo.

Alinyamaza kwa muda mrefu, hata nikadhani amesinzia. Kisha akaniambia kwamba yule mganga wa zamani hakuwahi kusema kuna hata mmoja aliyemshinda, na kwamba mtu anayekutajia hasara yake unaweza kufanya naye biashara. Nyanya amewahi kuuza mboga sokoni, kwa hivyo mambo hayo anayaelewa kuliko mimi.

Amekubali jicho moja. La pili, asema, litangoja lione mwenzake amefanyiwa nini. Tumepewa siku ya wiki ya kwanza ya likizo, na mimi ndiye nitakayemsindikiza. Gazeti letu litakapotoka, tutakuwa tumeshajua. Nami nimeahidi chama chetu cha Kiswahili kwamba nitawaletea habari, ziwe njema ziwe mbaya, kwa kuwa hivyo ndivyo mzee Daviel angefanya.