Sam Ntiro, Mchoraji Aliyemwoa Msomi

Katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mjini New York imehifadhiwa picha ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mfipa aliyezoea kuona pombe ya ulezi katika sherehe hahitaji mkalimani kuielewa. Aliyeichora, mwaka 1956, ni Mtanganyika, hayati Sam Joseph Ntiro.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, Kilimanjaro. Alijifunza uchoraji Makerere kwa Margaret Trowell, kisha katika Shule ya Slade jijini London. Ijapokuwa alisoma ugenini, hakuacha kuchora kijiji: watu wakilima, wakivuna na kujenga kwa pamoja.

Katika miaka hiyohiyo Sarah Nyendwoha, binti wa Hoima nchini Uganda, alikuwa akisoma historia Oxford. Awali alitamani hisabati, lakini huko Makerere mwalimu wa somo hilo alikataa kufundisha darasa lenye mwanamke. Hakukata tamaa. Mwaka 1954 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Aliporudi Uganda kufundisha, alipangiwa mshahara mdogo kuliko wa wanaume wenye elimu kama yake. Aliukataa, akafundisha bila malipo mpaka alipopewa haki yake.

Huyo ndiye aliyependwa na Ntiro. Walifunga ndoa mwaka 1958, Mchaga na Mnyoro, katika zama ambazo si wachache waliodhani kwamba elimu nyingi humkosesha binti mume.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro alikuwa balozi wake London. Baadaye alisimamia shughuli za utamaduni serikalini, akafundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sarah naye alipata kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Uganda, akatetea elimu ya wasichana hadi uzeeni.

Ntiro alifariki mwaka 1993, na Sarah mwaka 2018. Wazazi wa Sumbawanga na vijiji vyote vya Ufipa wanaosita kumwendeleza binti shuleni kwa kuhofia ndoa yake, na waikumbuke nyumba hiyo: mume hakuiogopa elimu ya mkewe, wala mke hakuidharau kazi ya mikono ya mumewe.